Doria ya Zohali, Mara ya Pili

Mvua ya Tukuyu haiulizi kama una kazi.
Imeanza saa tisa, inapiga bati, nami nimekaa
na binti yangu Tumpe, kompyuta juu ya stuli,
vipindi ishirini na sita vya *Doria ya Zohali*
nilivyouziwa na kijana wa stendi
ndani ya flashi ndogo kuliko kidole.

Mwaka tisini na moja tuliitazama kwa shilingi ishirini
kwenye banda la Mwaisumo, nyuma ya mashine ya kukoboa,
tumebanana juu ya magogo, soksi zimelowa,
jenereta inakohoa na nahodha anakohoa nayo.
Picha ilikuwa na chenga. Sisi tulidhani ni nyota.

Sasa picha imesafishwa. Naona kila kitu, na hiyo ndiyo hasara.
Jiwe la sayari ya kwanza
limerudi sayari ya nne, limepakwa kijani.
Naona uzi unaoshikilia chombo.
Mlango wa chuma unatikisika mtu akipiga chafya,
na lile zimwi la angani lililoninyima usingizi mwezi mzima
lina zipu mgongoni.

Tumpe anaicheka zipu. Nacheka naye, kidogo.
Halafu anauliza, mdomo umejaa mahindi:
"Baba, mbona kila sayari wanayofika
wenyeji wamevaa majani?"

Sikumjibu. Nikahesabu.
Sayari kumi na moja. Kumi na moja za majani,
za ngoma, za watu wanaopiga magoti
nahodha akiwasha tochi.
"Tutawafundisha," anasema, mkono kiunoni.
Na yule mtu mweusi mmoja ndani ya chombo,
yule tuliyegombania kuwa yeye saa ya mapumziko
(Gwamaka alinivunja jino kwa ajili yake)
amekaa kwenye redio, kipindi baada ya kipindi:
"Hakuna mawimbi, nahodha."
Basi. Ndilo neno lake.

Lakini mimi namkumbuka akisema mengi!
Namkumbuka akimzuia nahodha mlangoni: "Bisha hodi kwanza.
Hata mbinguni kuna wenyewe."
Namkumbuka akiwasalimu watu wa majani, wakaitikia,
wakaulizana habari za mvua, za ng'ombe, za wagonjwa,
mpaka nahodha akachoka kusimama.
Narudisha nyuma. Narudisha tena.
Hakuna mawimbi, nahodha.

Ndipo nikamsikia Lupakisyo.

Lupakisyo mkalimani, pembeni mwa televisheni,
kipaza sauti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
koti la mvua halivui,
aliyefika darasa la saba na kukiacha Kiingereza huko huko.
Ndiye aliyetuambia kuwa nyota iliyopasuka kipindi cha tisa
kipande chake kiliangukia Mbozi, kipo, nendeni mkakipapase.
(Shule ilitupeleka. Kilikuwa cha baridi. Tuliamini.)
Alipouona mdomo wa mtu wa redio ukifunguka kidogo tu
alimimina humo maneno, debe kwa debe,
na mdomo ulipofungwa, yeye aliendelea.

Tulipojua Kiingereza tulimwita mwongo,
tena hadharani, pale sokoni,
naye aliendelea kupima njegere zake,
akaongeza konzi moja juu, akanyamaza.

Tumpe anataka nibadilishe. Anasema inachosha.
Kweli inachosha. Nahodha anatua
sayari ya kumi na mbili, na majani nimeshayaona.
Nanyoosha mkono, nazima sauti.
Mvua inabaki.
Mtu wa redio anageuka, anafungua mdomo,
nami nakohoa, nasogea karibu na kioo:

"Nahodha, wameshatuona. Wanauliza
tumekuja na nani, na tutalala kwa nani."

Tumpe ananitazama mimi, si kioo.
"Haya," anasema. "Halafu?"